Shajara ya mradi: kutembeza mbwa kwa malipo, Malindi

Mwisho wa Novemba

Mradi ni huu: kumchukua mbwa wa mtu nyumbani kwake, kumtembeza saa nzima, kumrudisha salama na kulipwa kwa kazi hiyo. Nimeacha kusubiri vibarua vya hotelini. Msimu ukifika kazi ipo, masika yakianza mageti yanafungwa na sisi tunarudi majumbani, na mwaka unaofuata ni kuomba upya. Nataka kazi ambayo kuanza na kuacha kwake kuko mikononi mwangu.

Nani Malindi atatoa pesa ili mbwa wake atembezwe? Jibu liko nyuma ya kuta za Silversand, Casuarina na njia ya kwendea Mayungu. Nyumba nyingi za Waitaliano, na za Wakenya wenye nafasi, zina mbwa wawili watatu wa ulinzi au wa kufugwa kwa mapenzi. Wenyewe wengi ni watu wazima, magoti hayawabebi kwenye mchanga, na wengine huwa hapa miezi michache tu kwa mwaka. Kumtoa mbwa huachiwa askari wa zamu au mtu wa shamba, ambaye hakuajiriwa kwa hilo wala hakuelekezwa, na mara nyingi anamwogopa mbwa huyohuyo. Basi mbwa anashinda ndani ya ukuta mwaka mzima, anachimba maua, anabweka usiku kucha. Mbwa wa namna hiyo si mkali kwa asili. Amekosa la kufanya.

Kwingineko hii ni kazi ya siku nyingi. New York, mtu aitwaye Jim Buck aliianza mwanzoni mwa miaka ya 1960 na ikamlisha miaka mingi. Katika bustani za kifalme za London, mtembezaji wa kulipwa hana budi kuwa na leseni, na haruhusiwi kushika zaidi ya mbwa 4 kwa wakati mmoja. Mimi nitashika wawili, tena wa nyumba moja. Njia zetu ni nyembamba na zina watoto, punda, bodaboda na mbwa wa mitaani, na mkono mmoja lazima ubaki huru.

Katikati ya Desemba

Makaratasi yamekwisha. Jina la biashara nimelisajili kwenye eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, PIN ya KRA, yaani namba ya mlipa kodi, nilikuwa nayo, na leseni ya kaunti nimeilipia. Karani aliipekua orodha ya aina za biashara kutoka juu hadi chini, hakuona pa kuniweka, tukakubaliana niandikwe chini ya huduma nyinginezo. Malipo yatapitia Pochi la Biashara la M-Pesa ili pesa za kazi zisichanganyike na za unga. Kodi ya mauzo ya asilimia 3 huanzia kwa anayeuza zaidi ya shilingi milioni 1 kwa mwaka, kwa hiyo bado iko mbali nami, ila ritani ya kodi ni lazima ipelekwe kabla ya tarehe 30 Juni hata kama mfuko ni mtupu. Na kwa kuwa sina mwajiri, SHA, bima ya afya ya serikali, najilipia: asilimia 2.75 ya kipato, isipungue shilingi 300 kwa mwezi, na sisi tusio na ajira tunatakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mpigo. Hilo ndilo la kwanza kuliwekea akiba. Anayejiajiri akiugua, siku hiyo haina mshahara.

Mkataba ni karatasi moja, Kiswahili upande huu na Kiitaliano upande ule. Binamu yangu, anayewaongoza wageni, ndiye aliyenitafsiria. Hauna maneno mengi. Kadi ya chanjo nionyeshwe kabla ya matembezi ya kwanza. Mbwa amewahi kumuuma mtu au mnyama? Daktari wake ni nani, na je, naruhusiwa kumkimbiza huko wewe usipopatikana kwenye simu, na gharama ni ya nani? Geti anafungua nani? Kufuta matembezi ni jioni ya kuamkia, si nikiwa tayari nje ya ukuta wako. Mtu asiyetaka kujibu swali la kuuma, mbwa wake simchukui.

Vifaa: hanesi inayokaa kifuani, kwa sababu mbwa anayevuta kwa kola hujikaba koo. Kamba ya mita mbili kasoro, nene, ya kushikika. Zile kamba za kujikunja zenyewe ndani ya kidude cha plastiki sizitaki hata kwa kupewa bure. Zinakata viganja, na mbwa anaweza kuwa ameshamfikia mtoto kabla hujabonyeza kitufe. Maji lita mbili na bakuli. Taulo. Koleo dogo. Swali la kinyesi limenipa kazi, maana nchi za wenzetu wanaokota kwa vifuko vya plastiki, na sisi mifuko hiyo imepigwa marufuku tangu Agosti 2017. Nimenunua mifuko ya kaki dukani kwa jumla, nabeba na ndoo ndogo yenye kifuniko. Hili silifanyi kwa kuogopa faini. Mayai ya minyoo ya safura ya mbwa huangua mchangani, na vijidudu vyake huingia kwenye ngozi ya mtu anayetembea pekupeku na kumchora mistari ya muwasho miguuni. Ufuo ule watoto wa Shela wanauchezea mpira kila jioni.

Januari

Wateja wa kwanza wamepatikana kwa njia ya daktari wa mifugo na kwa njia ya askari. Daktari aliniweka kwenye ukuta wake wa matangazo. Askari walisema wao kwa wao kwamba kuna kijana atawapunguzia mzigo. Sasa kwa kila geti, kabla ya kumsalimu mwenye nyumba, namsalimu askari na kuuliza mbwa amelalaje. Yeye ndiye anayejua kama jana hakula.

Bei: shilingi 500 kwa saa kwa mbwa mmoja, wa pili wa nyumba ileile nusu. Mama mmoja alinitaka nipunguze kwa kuwa "ni kutembea tu". Nilimweleza saa hiyo ina nini ndani yake, kuanzia ukaguzi wa nyayo hadi ripoti ya WhatsApp yenye picha, na bei ikabaki palepale. Amelipa mwezi mzima kwa mkupuo.

Siku ya kutambulishana sitembezi. Nakaa kibarazani, simtazami mbwa machoni, namwacha aje anuse mwenyewe. Mbwa wengi wa huku wamezoea kuamriwa kwa Kiitaliano, basi nami nakaa na *seduto* (kaa) na *vieni* (njoo) mdomoni. Anayenifuata kwa hiari hadi getini, kesho yake tunatoka. Asiyetaka, narudi tena.

Sasa jua. Kaskazi huku haina mzaha, na mbwa hatoki jasho kama sisi. Anapoza mwili kwa kuhema, na hewa ya bahari yenye unyevu inamnyima hata hiyo nafuu. Joto lake la kawaida ni kama nyuzi 38 na nusu. Likivuka 41 ni kifo kinabisha. Hao wa pua bapa ndio wa kuhofia zaidi. Kabla ya kukanyaga lami ya barabara ya Casuarina nalaza nyuma ya kiganja juu yake na kuhesabu hadi saba. Nikishindwa kuvumilia, hatupiti. Kuhema kukigeuka kwa kelele, mate yakiwa mazito kama uji, ufizi ukiiva wekundu na miguu ikaanza kupepesuka, hapo matembezi yamekwisha: kivulini, maji ya kawaida tumboni na mapajani, upepo, na simu kwa daktari.

Kwa hiyo saa za kazi ni kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili, kisha kuanzia saa kumi na moja jioni. Lakini jua si mwenye amri pekee. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji hujaa alfajiri na alasiri, na kupwa katikati ya asubuhi. Maana yake jioni ufuo wa Silversand ni utepe mwembamba na mawimbi yanapiga kuta za nyumba, ilhali asubuhi maji yanarudi nyuma na kuacha mchanga mgumu, uliopoa, mzuri kuliko njia yoyote mjini. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka. Na kila siku maji huchelewa kama dakika 50. Nimechora jedwali la mwezi mzima: mstari wa jua, mstari wa maji, na wateja katikati yake. Wavuvi wa ukoo wetu wamelicheka jedwali hilo, kwao jambo liko kichwani, lakini ami yangu alikaa nalo kwa kalamu akanisahihishia siku za mwisho wa mwezi.

Februari

Niandike sasa lililo gumu kuliko jua.

Mimi ni mtoto wa Shela, karibu na Msikiti wa Ijumaa na makaburi yake ya minara. Kwetu sisi wafuasi wa Imamu Shafi mbwa ni najisi nzito. Akikugusa na ute, panaoshwa mara saba, moja kati yake kwa udongo. Ami aliponiona na kamba mkononi hakunikemea. Alisema tu, "Mwanangu, umemuuliza shekhe?"

Nilikwenda baada ya Alasiri. Shekhe alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza mbwa hao ni wa nini. Nikamwambia wengi ni wa ulinzi. Akanikumbusha kwamba mbwa wa kulinda, wa kuwinda na wa mifugo wana ruhusa yao, kwamba kavu kwa kavu hakuambukizi najisi, na kwamba kilichokatazwa kwenye hadithi ni thamani ya mbwa, yaani kumuuza, wakati mimi nauza jasho langu. "Lakini nguo za kazi ziwe mbali na nguo za sala," akasema, "na watu usiwapitishie najisi njiani mwao." Kisha akanisimulia ya yule mtu aliyeshuka kisimani akamtekea mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake, Mwenyezi Mungu akamghufiria.

Nimeyafuata yote mawili. Nguo za kazi ziko kwenye pipa lake uani, na bafuni kuna kopo la udongo safi. La pili, la njia za watu, ndilo limegeuka kuwa kazi yenyewe. Nilidhani najifunza mbwa, kumbe ninachojifunza zaidi ni mji. Najua uchochoro upi wanapita wazee kwenda sala ya Alfajiri na wanarudi saa ngapi. Ijumaa sikaribii Shela kabisa kuanzia saa tano. Najua chuo kipi cha Kurani kinawatoa watoto saa mbili kasorobo, na kwamba mama wa mahamri wa pembeni mwa barabara hapaswi kupuliziwa vumbi la mbwa kwenye sinia lake hata kidogo.

Wiki hii, njia ya nyuma ya nguzo ya Vasco da Gama, mzee mmoja wa kanzu nyeupe alitokea kwenye kona, na mimi nina jike la Labrador, kubwa, lenye mapenzi ya kupita kiasi. Nilivuka upande wa pili, nikamkalisha akielekea ukutani, kamba nikaifupisha hadi ngumi yangu ikagusa hanesi, nami nikasimama katikati yao.

"Asalaam aleikum, mzee. Shikamoo."

"Waaleikum salaam. Marahaba." Akasimama. "Huyo haumi?"

"Haumi, lakini ana mate. Pita tu mzee wangu, namshikilia."

Alipita taratibu, akiikusanya kanzu yake kwa mkono mmoja. Alipofika mbele akageuka: "Ahsante kwa kunijali." Neno hilo limenipa nguvu kuliko malipo ya wiki.

Watoto wana jambo lao. Wakimwona mbwa wanakimbia au wanaokota jiwe, na yote mawili humwamsha mbwa aliyekuwa hana habari. Naliongea nao kila siku bila kuchoka: simama wima, mikono kifuani, tazama chini, nyamaza. Mbwa atanusa, atapita. Wa mtaa wa Muyeye sasa wanashindana nani atasimama kimya zaidi.

Machi

Mambo mawili ambayo hayamo kwenye maelekezo ya kizungu niliyosoma.

Bunju. Wavuvi wakivuta nyavu, samaki huyo hutupwa mchangani kwa kuwa halikwi, na harufu yake humwita mbwa kutoka mbali. Sumu yake hupooza misuli, pumzi ikiwemo, na haina dawa ya kuizimua. Ndiyo sababu ufuoni kamba haifunguliwi, hata mwenye mbwa akiniomba kwa upole. Jumatatu asubuhi, karibu na mashua zilizopandishwa, nilimwona bunju wa ukubwa wa ngumi, amefura, miiba imesimama, tumbo jeupe juu. Nilimfukia kwa koleo ndani kabisa. Kwa kamba hiyohiyo nalinda pia mayai ya kasa, kwani mbwa hufukua kiota kwa dakika chache. Na tukikaribia lango la KWS, shirika la wanyamapori, pale Casuarina tunageuka. Hifadhi ya bahari ya Malindi ipo tangu 1968, na mbwa si wa kuingia humo.

La pili ni kupe. Mvua ikikaribia wanazagaa kwenye nyasi za kando ya njia. Kila mwisho wa matembezi, kabla ya kumkabidhi, naweka mbwa kivulini na kumpapasa: ndani ya masikio, chini ya kola, kwapani, katikati ya vidole. Kupe yule wa kahawia wa mbwa hubeba ugonjwa unaokula damu. Ufizi hupauka, mbwa huvilia, pua hutoka damu. Mmoja wa wateja wangu, mbwa wa mtaani aliyeokolewa, alikuwa na ufizi mweupe kama karatasi. Nilipiga picha, nikamtumia mwenyewe na daktari kwa pamoja. Damu ilipimwa siku hiyohiyo, dawa ikaanza. Ameshaanza kurukaruka.

Mei

Masika. Mto Sabaki umeleta udongo wake, bahari yote ni nyekundu. Wateja wengi wamerudi Italia tangu Pasaka, na hapa ndipo mradi wa namna hii hufia.

Nilijua litakuja, kwa hiyo tangu Machi nilikuwa nikizungumza nao juu yake. Waliokubali wamehamia mpango mwingine: mara tatu kwa wiki napita nyumbani, namtembeza mbwa mvua ikipisha, nakagua chakula, maji, kupe na uzito, natuma video. Bei ni ya mwezi, ni ndogo, lakini inaingia. Mwenye nyumba aliye Milano analipia utulivu wa moyo. Askari naye anapata shahidi kwamba chakula kilichonunuliwa kililiwa na mbwa.

Upande mwingine, nimeongeza wenyeji. Mwalimu mmoja wa Maweni ana mbwa wa ulinzi asiyeshikika. Hanilipi kumtembeza, ananilipa kumfundisha kijana wake amtembeze. Sikuipangia kazi hii, na naona ina maisha marefu kuliko msimu wa wageni.

Agosti

Kusi imetulia, mwani umejaa ufuoni na unanuka, na Waitaliano wa likizo ya Agosti wamefika. Siku zimejaa kiasi cha kukataa wengine. Nimemwomba kijana wa Muyeye anisaidie, kwanza kwa kutembea nami bila kushika kamba.

Jambo lililonishika sasa ni kichaa cha mbwa. Napita mji huu asubuhi na jioni, najua kila kundi la mbwa wa mitaani linalala wapi, nani ana kidonda, nani amezaa chini ya mashua. Karibu vifo vyote vya binadamu kwa ugonjwa huu hutokana na mbwa, na dalili zikishatokea hakuna tiba. Mtu akiumwa ni kuosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, kisha hospitali siku hiyohiyo kwa sindano, si kusubiri kumwona mbwa atakufa au hatakufa. Mpango wa taifa uliotangazwa 2014 unataka vifo hivyo viishe ifikapo 2030, na njia yake inajulikana: kuchanja asilimia 70 ya mbwa, mwaka baada ya mwaka. Mbwa wa wateja wangu wote wamechanjwa. Wanaowanusa njiani hawajachanjwa.

Tarehe 28 Septemba ni siku ya dunia ya kichaa cha mbwa. Nimeanza daftari la mbwa wa mitaani kuanzia nguzo hadi Casuarina: rangi, jike au dume, mahali pa kulala, nani humtupia mabaki, kwa sababu huyo ndiye atakayeweza kumshika. Daktari amekubali kuja na sindano asubuhi mbili, kabla jua halijakaza. Wateja wawili watalipia dawa. Bado natafuta atakayelipia kola za rangi za kuwatambua waliokwisha kudungwa, na Ijumaa, baada ya sala, nitamwomba shekhe awatangazie watu ili watoto wasije wakawatawanya kwa mawe asubuhi hizo.